SIFA ZA KUNUNUA, MZIGO KANYABOYA!

Ndugu msomaji, hebu tuulizane. Ukienda mwaloni hapa Nkome kununua dagaa, unanunua kwa macho au kwa masikio? Unashika, unanusa, unatafuna mmoja. Ukikuta mchanga unaondoka, hata muuzaji aape kwa kaburi la bibi yake.

Sasa inakuwaje kijana huyo huyo, mjanja wa mwalo, anamtumia laki tatu mtu wa Dar es Salaam asiyemjua, kisa chini ya picha ya simu kuna watu hamsini walioandika "mzigo umefika, asante bosi"?

Hao hamsini ni akina nani? Siku hizi sifa ni bidhaa kama sukari. Wafuasi wananunuliwa, maoni yananunuliwa, na mwenye ukurasa wa Instagram anaweza kufuta neno la anayelalamika na kumfungia kabisa. Kilio kinafutwa, vigelegele vinabaki. Muuzaji ndiye mshtakiwa, ndiye shahidi, ndiye hakimu!

Na kadiri sifa zinavyopanda, mali inashuka. Betri ya taa ya kuvulia dagaa imeandikwa namba kubwa ubavuni, lakini ukiinyanyua ni nyepesi kama kopo tupu, na usiku wa manane inakuacha gizani katikati ya ziwa. Mchimbaji mdogo naye anauza ng'ombe wa baba yake anunue detekta ya dhahabu. Kampuni ya Minelab ya Australia imeonya kwa miaka mingi kwamba mashine zake, ikiwamo GPX 5000, zinaghushiwa. Nembo ile ile, rangi ile ile, ndani kanyaboya. Huyo kijana hakupoteza mashine tu. Amepoteza mtaji wa ukoo.

Mtasema sheria ipo. Ipo! Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inamtaka anayeuza mtandaoni ataje jina lake na mahali anapopatikana. Fungua simu yako sasa hivi uhesabu wangapi wametaja. Wengi wameweka namba ya simu na picha ya gari la kifahari, basi.

Na wakubwa wanapoamua kuchukua hatua, rungu linamwangukia nani? Juni 16, 2016, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilizima simu feki nchi nzima. Aliyenunua kwa jasho lake alibaki na kopo mkononi. Aliyemuuzia hela ilishaingia mfukoni. Aliyeibiwa ndiye aliyeadhibiwa!

Wenzetu wamegundua kwamba sifa ya uongo ni wizi. Marekani ilianza Oktoba 2024 kutumia kanuni inayopiga marufuku kuuza na kununua maoni ya uongo ya wateja. Uingereza ikafuata Aprili 2025. Hapa kwetu Tume ya Ushindani (FCC) inakamata makontena ya bidhaa bandia, na tunaipongeza. Lakini kontena lina mlango wa kuvunja. Nani anavunja mlango wa sifa bandia?

Tunachodai si msaada. Anayeuza mtandaoni bila jina wala anwani achukuliwe hatua kwa sheria hiyo hiyo ya 2015. Anayeuza na kununua sifa ashitakiwe kama tapeli mwingine yeyote. Na malalamiko ya mtu wa Nkome yapokelewe kwa simu na yajibiwe, maana hakuna atakayemaliza nauli ya basi akifuatilia haki ya betri.

Nawe kijana mwenzangu, wakati wakubwa wanajikuna, hela yako ishike. Mzigo kwanza, uuone, uuwashe, ndipo utume. Akikataa, mwache na watu wake hamsini. Wamnunulie wao!