Babu ana redio, mjukuu ana simu

Mzazi mwenzangu, mapema mwezi huu nilikwenda nyumbani Kanoni, Karagwe, kuwasalimia wazazi. Nilipokelewa kama siku zote, ndizi na maharage vikiwa vimeshaiva. Lakini baba alikula barazani peke yake, na mtoto wa marehemu kaka yangu, kijana wa miaka 22, alikula jikoni. Nikamuuliza mama kulikoni.

"Mwanangu, hawa hawasalimiani tangu uchaguzi," akaninong'oneza.

Nikaanza na baba. Alikuwa na redio yake pembeni, akimung'unya kahawa. "Huyu mtoto ananiita mwongo," akasema. "Mimi nimemwambia nilichosikia redioni. Kura zimehesabiwa, mshindi ametangazwa, nchi ina amani. Yeye anasema yote uongo."

Nikamfuata kijana. Yeye alikuwa Mwanza, kibarua katika duka la vipuri, tarehe 29 Oktoba 2025. "Shangazi, mwenzangu tuliyekuwa tunakaa naye chumba kimoja alitoka jioni ile kutafuta mkate. Hajarudi hadi leo. Nimefika hapa namweleza babu, ananiambia redio haikutangaza."

Nilikosa la kumjibu.

Unajua, baba ana sababu ya kuiamini redio. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera, alikuwa kijana. Ni Redio Tanzania Dar es Salaam iliyowaambia kinachoendelea, na kupitia redio hiyo walimsikia Mwalimu Nyerere akitangaza kwamba nchi itampiga Amin. Tanzania Bara haikuwa na kituo kingine cha redio. Kwa kizazi chake, kukataa taarifa ya habari ni kama kumkataa mzee wa ukoo.

Na kijana ana sababu ya kutoiamini. Siku ya uchaguzi intaneti ilizimwa, ikarudi baada ya siku kadhaa. Kipindi hicho, familia nyingi zilibaki na redio na televisheni tu. Tarehe 1 Novemba Tume ilimtangaza Rais Samia kuwa mshindi kwa asilimia 97.66. Chama kikuu cha upinzani, Chadema, hakikuwa kwenye karatasi ya kura, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Waangalizi wa SADC wakasema katika maeneo mengi wapiga kura hawakuweza kueleza matakwa yao. Wa Umoja wa Afrika nao wakasema uchaguzi haukufikia viwango vyao. Serikali ilitetea uchaguzi huo. Lakini niambie, baba yangu alisikia nusu ipi ya habari hii?

Hapa ndipo tunapojikwaa. Upendeleo wa chombo cha habari si lazima uwe uongo. Mara nyingi kila kinachosemwa ni kweli, ila yupo ambaye hakuulizwa. Asilimia zilitangazwa. Mama wa yule kijana wa Mwanza hakufuatwa na mwandishi yeyote.

Lakini simu nayo si malaika. Kijana alinionyesha video aliyoisambaza kwenye kundi la WhatsApp, akisema ni ya Mwanza. Tukaitazama taratibu. Maandishi ya kwenye maduka hayakuwa ya Kiswahili, na magari yalipita upande wa kulia wa barabara. Haikuwa Tanzania. Alinyamaza muda mrefu. Nikamwambia, "Mwanangu, video hii moja ndiyo babu yako atakayoishika ili asiamini habari za mwenzako."

Pia nilimkumbusha kwamba intaneti iliporudi, ulitumwa ujumbe kwenye simu ukionya kuhusu kusambaza picha za taharuki. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Uipende au usiipende, mzazi, mwanao lazima aijue kabla ya kubonyeza.

Basi nyumbani kwako fanya hivi. Habari ikija, ya redio au ya simu, ulizeni pamoja: nani aliona kwa macho yake? Nani hakuulizwa? Ni ya lini, na ni ya wapi? Na mtoto akikueleza alichokiona mwenyewe, usimjibu kwa taarifa ya habari. Msikilize kwanza. Hata Rais, akihutubia Bunge tarehe 14 Novemba, alitoa pole kwa waliofiwa na kutangaza tume ya kuchunguza yaliyotokea. Kama Ikulu imekubali kwamba kuna la kuchunguza, sisi tunawanyamazisha watoto wetu kwa nini?

Jioni ile nilimwambia baba jambo moja tu: "Baba, mwaka 1978 mtu wa Dar es Salaam angekwambia hakuna vita Kagera kwa sababu hajaisikia, ungejisikiaje?"

Hakunijibu. Alipandisha sauti ya redio, nikajua nimeshindwa.

Asubuhi nilipokuwa nafunga mzigo, nilimsikia barazani. Redio ilikuwa imezimwa.

"Huyo mwenzako," alimuuliza mjukuu wake, "anaitwa nani? Kwao ni wapi?"

Kijana akavuta kigoda, akakaa. Niliondoka bila kuaga, nisije nikawakatiza.