Hisabati ya Profesa Imfikie Mwalimu wa Mbozi

Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2022, takriban watahiniwa wanne kati ya kila watano walishindwa Hisabati. Lawama zikamwangukia mwalimu, kama kawaida. Lakini mwalimu wa Mbozi Mission, mkoani Songwe, mwenye chaki na simu ya mkononi, amesaidiwa na nani?

Ng'ambo ni desturi ya miaka mingi profesa wa hisabati kuwa na tovuti yake, ambamo huweka mihadhara, mazoezi na utafiti wake, bure kwa yeyote. Kwetu maandishi hayo aghalabu hufungiwa kabatini. Na machache yanayotolewa hadharani huwa kwa Kiingereza, ilhali mtoto wa shule ya msingi ya serikali amejifunza sehemu, vipeo na vipeuo kwa Kiswahili. Akifika sekondari, majina yote hayo humgeuka.

Mkulima wa kahawa wa Mbozi amechangia kumsomesha profesa huyo. Kumwandikia mwanawe kurasa kumi za aljebra kwa Kiswahili si hisani, ni deni. Vyuo Vikuu navyo, vinapompandisha cheo msomi kwa makala yaliyochapishwa ughaibuni, vizihesabu na kurasa hizo.