Saa za Lori na Saa Zetu

Sisi wachumaji wa chai wa upande wa Toro, nchini Uganda, tunatangaziwa asubuhi kwamba lori litafika penye mzani kati ya saa saba na saa tisa mchana. Tukichelewa sisi, majani hayapokelewi. Likichelewa lori, hakuna anayeulizwa.

Hatupingi kuwekewa muda. Jani tunalijua kuliko mpangaji wa ratiba aliyeko ofisini. Likishachumwa bado linapumua. Ukilishindilia ndani ya gunia linapata joto, linageuka jekundu, na chai yake haina thamani. Kiwandani nako wenzetu wanalingoja walitandaze linyauke, kazi inayoweza kuchukua saa 12 hadi 18, ndipo lisagwe. Jani likichelewa, zamu ya usiku nayo inavurugika. Kwa hiyo muda lazima uwepo.

Lakini ratiba hii imelipimia jani muda, imeipimia na mashine, mchumaji hakupimiwa. Sisi tunalipwa kwa kilo. Tukisimama penye mzani tangu saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni, mama na mtoto wake mgongoni, mvua inanyesha, saa hizo tatu hazina kilo, basi hazina hata senti. Siku ya jua ndiyo mbaya zaidi: jani linanyauka kikapuni, uzito unapungua, tunapoteza mara mbili. Hasara ya lori bovu inatoka mfukoni mwa asiye na lori!

Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba Na. 30 wa mwaka 1930, lilieleza kwamba saa za kazi ni muda ambao mfanyakazi yuko chini ya mwajiri wake, isipokuwa mapumziko ambayo yuko huru. Mkataba huo uliwahusu watu wa maduka na maofisi. Karani akikaa mezani akingoja simu ilie, yuko kazini. Mchumaji akingoja lori, eti amepumzika. Kupumzika gani huko, ambako ukiondoka majani yako yanamwagwa?

Katika mapatano yajayo na waajiri tunataka iandikwe kwamba saa ya mwisho ya lori inazifunga pande zote mbili, na ikipita, kila saa ya kungoja ilipwe. Karani wa mzani aandike saa ya kufika kwa lori pamoja na kilo, katika kitabu kilekile, mbele ya mjumbe wa chama. Kalamu anayo tayari.