Hoteli Kubwa na Mlaji Anayeona Haya

Malalamiko juu ya huduma katika migahawa ya hadhi ya juu mijini si jambo geni, lakini yana tabia moja ya ajabu: husikika kila mahali isipokuwa mahali yanapopaswa kusikika. Husikika ofisini asubuhi ya Jumatatu, husikika katika chumba cha walimu wakati wa chai, husikika ndani ya daladala. Mezani, mbele ya mhudumu na msimamizi wake, hayasikiki. Mlaji hula nusu ya kile alicholetewa, hulipa chote alichotozwa, huacha na bakshishi juu yake, kisha huondoka akishukuru. Ukimya huo unastahili kutazamwa kwa makini, maana ndio unaoulisha uzembe wote mwingine.

Uchukuliwe mfano wa walimu wa shule moja ya sekondari jijini Dar es Salaam, waliotaka kumuaga mkuu wao aliyefikisha umri wa kustaafu wa miaka 60. Safari hiyo hawakutaka pilau ya bwalo la shule na soda. Waliazimia kumpeleka mzee mahali ambapo hakuwahi kula tangu aanze kazi, na wakachanga kwa miezi mitatu. Walichagua mgahawa wa hoteli moja ya ufukweni, wakapiga simu siku nne kabla, wakaahidiwa meza ya watu 12 inayotazama bahari. Katika simu hiyo hiyo walikumbushwa kwamba wageni wa mahali hapo huvaa nguo za heshima. Walivaa suti na vitenge vyao vya harusi.

Walipofika, waliongozwa hadi kwenye meza mbili zilizounganishwa karibu na mlango wa jikoni, ambako kila mhudumu aliyepita na sinia aliwagonga viti. Meza za upande wa bahari zilikuwa tupu. Walipouliza, walijibiwa kwamba zimekwisha kuchukuliwa. Saa mbili na nusu usiku waliingia wageni wanne kutoka nje ya nchi, wamevaa kaptura na kandambili, hawakuwa wamepiga simu, wakapewa moja ya meza hizo pamoja na tabasamu. Wageni hao hawana kosa lolote. Waliomba meza wakapewa.

Orodha ya vyakula ilikuwa ndefu kama ratiba ya mitihani, yote kwa Kiingereza na Kifaransa. Vyakula vitatu vya kwanza vilivyoagizwa vilikuwa vimekwisha. Samaki aliyeandikwa kuwa amevuliwa siku hiyo hiyo, kwa bei ya shilingi 45,000 sahani moja, aliletwa saa tatu kasoro akiwa amekauka pembeni na ubaridi wa barafu bado umo karibu na mfupa. Viazi vilikuwa vimepoa. Maji ya embe yalimiminwa kutoka katika boksi. Mzee mwenyewe alisema chakula ni kitamu sana, kwa kuwa alijua vijana wake walivyojinyima. Bili ilipokuja ilikuwa na chupa sita za maji ambazo hakuna aliyeziagiza, na ada ya huduma ambayo haikutajwa popote katika orodha ya bei. Mwalimu wa hisabati aliona pia kosa la kujumlisha. Alipofungua kinywa, wenzake wakamkanyaga mguu chini ya meza. Walilipa. Waliporudi majumbani mwao, baadhi yao walifunua masufuria kutafuta kiporo.

Watu hawa 12 ni walimu. Kutwa nzima wanasimama mbele ya vijana na kuwasahihisha bila kusita. Mwanafunzi akikosea hesabu hiyo hiyo, angewekewa alama nyekundu papo hapo. Lakini mbele ya kitambaa cheupe cha meza na glasi za miguu mirefu, watu wazima wenye shahada waliona haya kusema kwamba sita na saba si kumi na tano. Hawakumwogopa mhudumu, kijana ambaye huenda alisoma katika shule kama yao. Waliogopa kuonekana washamba.

Hofu hiyo ina asili yake. Kabla ya Uhuru wa Desemba 1961, hoteli kubwa za Dar es Salaam, kama zile za Nairobi, zilikuwa mahali pa Wazungu. Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma, kupika, kufua na kubeba mizigo. Uhuru ulifungua mlango wa mbele, na Hoteli ya Kilimanjaro ilipofunguliwa mwaka 1965 ikiwa mali ya umma, ilihesabiwa kuwa fahari ya Taifa changa. Hata hivyo, kufungua mlango ni kazi ya siku moja, na kuiondoa kasumba vichwani mwa wanaoingia na wanaowapokea ni kazi ya vizazi. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi majivuno, ubadhirifu na dharau kwa wananchi. Waliouandika walijua kwamba bwana anaweza kuondoka na tabia yake ikabaki, tena ikavaliwa na ndugu.

Zamani palikuwa na kisingizio kingine, na lazima kitendewe haki. Wanaokumbuka miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980 wanakumbuka neno "hakuna". Bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimekula akiba ya Taifa, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Sukari, sabuni na mafuta ya kupikia vilipangiwa foleni. Katika hoteli za mashirika ya umma mhudumu alikuja mezani na orodha ya vyakula ishirini, naye akijua kwamba jikoni kuna viwili. Mlaji alinung'unika, lakini alielewa, kwa sababu na nyumbani kwake hali ilikuwa hiyo hiyo. Ndugu mhudumu na ndugu mlaji walikuwa katika foleni moja.

Kisingizio hicho kilikwisha muda wake. Biashara ilianza kulegezwa mwaka 1984, na tangu wakati huo masoko yamejaa. Kutoka katika hoteli nyingi za katikati ya Dar es Salaam hadi soko la samaki la Feri ni mwendo mfupi wa gari. Alfajiri pale hunadiwa changu, kolekole, nguru na pweza waliotoka majini usiku huo. Mama lishe wa pembeni mwa soko humkaanga changu huyo kabla ya saa nne asubuhi na kumuuza kwa bei ambayo kibarua anaimudu, naye huwa mbichi kweli. Basi mgahawa unaotoza mara kumi ya bei hiyo una sababu gani ya kuleta samaki aliyelala katika jokofu wiki nzima?

Sababu ipo, nayo ni ya kibiashara. Samaki wa jokofu hana hasara: asipouzwa leo atauzwa kesho kutwa. Samaki wa Feri humlazimisha meneja kuamka mapema, kukisia idadi ya walaji, na kukubali hasara siku wageni wasipofika. Orodha ndefu ya vyakula nayo ina siri yake. Jiko linaloahidi vyakula 60 haliwezi kuwa na mahitaji mabichi ya vyakula 60. Lazima litegemee makopo, maboksi na barafu. Mgahawa wenye vyakula vinane vilivyopikwa vizuri ungemheshimu zaidi mlaji, ila ungeonekana wa kimaskini machoni pa watu wanaopima hadhi kwa uzito wa karatasi.

Habari ya kahawa inaudhi zaidi. Nchi hii hulima arabika Kilimanjaro, Mbinga na Mbeya, na robusta Kagera, na sehemu kubwa ya zao hilo husafirishwa kwenda kunywewa na wengine. Mgeni aliyeuona Mlima Kilimanjaro asubuhi huletewa jioni pakiti ndogo ya kahawa ya unga iliyotengenezwa ng'ambo, pamoja na maji ya moto ajikorogee mwenyewe. Kama ni lazima iwe ya unga, Bukoba kuna kiwanda kinachotengeneza kahawa ya namna hiyo. Msimu wa machungwa ya Muheza hupita yakioza njiani, na mezani unamiminwa maji ya machungwa yaliyovuka bahari mbili. Kisamvu, mtori na wali wa nazi vikitokea, hutengewa siku moja ya juma inayoitwa "usiku wa Kiafrika", kana kwamba siku sita nyingine Afrika husafiri.

Mtu wa kwanza kulaumiwa katika mambo haya yote ni mhudumu, kwa kuwa ndiye anayeonekana. Ni lawama nyepesi. Amri ya Mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha shilingi 130,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa migahawa, nyumba za wageni na baa, na shilingi 250,000 kwa hoteli za kitalii. Viwango hivyo vimepandishwa tangu hapo, lakini anayelipwa kima cha chini bado hawezi kukaa na familia yake katika meza anayoipanga bila kumaliza sehemu kubwa ya mshahara wake. Wahudumu wengi hawajawahi kuonja vyakula wanavyovisifu. Mlaji akiuliza samaki huyu amepikwaje, mhudumu hukimbilia jikoni kuuliza, au hubuni jibu. Ada ya huduma iliyoandikwa katika bili inamfikia nani? Mlaji anadhani ni ya mhudumu, mhudumu anaiona kwa macho tu, na msimamizi hapendi kuulizwa.

Mafunzo yapo. Chuo cha Taifa cha Utalii hufundisha upishi na huduma, na VETA ina chuo cha hoteli na utalii Njiro, Arusha. Wahitimu wa vyuo hivyo hutoka wakijua kwamba chakula cha moto huletwa katika sahani ya moto, na kwamba aliyetangulia kuagiza hutangulia kuhudumiwa. Wengi wao hupewa mikataba ya miezi mitatu mitatu na kuondolewa msimu wa watalii unapokwisha. Mwajiri huyo huyo hulalamika kwamba vijana wa Kitanzania hawana uzoefu.

Mlaji, kwa upande wake, ana sheria inayomlinda, ila hajazoea kuitumia. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumhadaa mnunuzi, na huduma za mgahawa hazimo nje ya sheria hiyo. Kuandika "wa leo" juu ya samaki wa wiki iliyopita ni kuhadaa, hata maandishi yakiwa ya dhahabu. Tume ya Ushindani ipo kupokea malalamiko ya namna hiyo. Mashine za kielektroniki za kutolea risiti zilizoanza kutumika mwaka 2010 zinampa mlaji ushahidi mkononi: chupa sita za maji zisizoagizwa zimeandikwa pale, kwa tarehe na saa. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana pia vigezo vya pamoja vya kupanga madaraja ya hoteli na migahawa. Nyota ukutani ni ahadi, na mlaji anayenyamaza ahadi inapovunjwa anamsaidia mwenye hoteli kuibakiza nyota asiyoistahili. Kusema hakuhitaji makelele. Sahani irudishwe jikoni kwa maneno ya adabu, bili isomwe mstari kwa mstari mbele ya aliyeileta, na kisichoagizwa kisilipwe. Wafanyabiashara wa nchi zilizotangulia wanaheshimu walaji wao kwa sababu walaji hao hawaoni haya.

Serikali nayo ni mlaji mkubwa, tena mwenye haya kuliko wote. Kwa miaka mingi semina, warsha na mikutano ya idara iligeuza kumbi za hoteli kuwa ofisi za pili za umma. Baada ya Rais John Magufuli kuingia madarakani Novemba 2015, iliagizwa kwamba mikutano hiyo ihamie katika kumbi za Serikali ili kubana matumizi. Wapo walioomboleza kuku wa hoteli kimyakimya, ingawa kuku huyo walikuwa wakimsema vibaya miaka yote. Agizo lile lilihusu gharama; ubora haukuguswa. Mikutano inapofanyika hotelini, bado ni nadra afisa mwandaaji kuonja chakula kabla ya kuweka saini, au kuandika katika mkataba kwamba matunda yawe ya msimu na samaki awe wa soko la karibu. Anajali idadi ya vichwa na jina la hoteli, kwa kuwa jina ndilo litakaloandikwa katika barua ya mwaliko. Ankara ikifika mezani kwa mhasibu ikiwa na chakula cha watu 40, na daftari la mahudhurio likiwa na majina 31, mhasibu anayo kalamu nyekundu mkononi, na wale 31 wapo katika vyumba vya jirani kueleza walikula nini.