Akiba Haiozi, Hata Ikiwa Mfupa

Ndugu msomaji, mtajie mwanafunzi yeyote hapa shuleni neno "visukuku", naye papo hapo atakimbilia Turkana. Atakusimulia habari za yule mvulana wa Nariokotome, ambaye kipande chake cha kwanza kilionwa na Kamoya Kimeu mwaka wa 1984. Kujivunia ni haki yake. Lakini mwaka uo huo, kule Texas, Marekani, mwanasayansi Nicholas Hotton aliokota kijifuvu cha sentimeta 3 hivi. Nani alipiga vigelegele? Hakuna! Kilihifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian, kikakaa miaka na mikaka.

Ilipofika 2021, Arjan Mann alikitupia jicho upya. Mwaka wa 2024 yeye na Calvin So, aliyekuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu, pamoja na wenzao, walitangaza kuwa huyo ni mnyama ambaye hakuwa akijulikana, aliyeishi yapata miaka milioni 270 iliyopita. Walimwita Kermitops, kwa jina la Kermit, yule chura wa vikaragosi vya televisheni.

Mtaniuliza, "Sasa hilo fuvu latufaa nini?" Hebu tulieni. Amfibia walio hai leo wana makundi matatu: vyura, salamanda na sesilia. Sesilia hawana miguu. Ukiwaona, kama wale wa Milima ya Taita, utadhani ni nyungunyungu wakubwa. Je, wote hawa walitokana na nani? Mifupa yao ni midogo na myepesi kuvunjika, kwa hivyo ushahidi ni haba. Kisukuku kingine cha Texas, Gerobatrachus, kiliokotwa 1995 na kuelezwa 2008. Kichwa chake ni kipana kama cha chura, na kifundo cha mguu chafanana na cha salamanda. Hapo ndipo undugu wa vyura na salamanda unapoonekana. Kuhusu sesilia, wataalamu wangali wakivutana.

Basi niyaseme yangu. Kila tufungapo muhula, maabara yetu husafishwa, na utasikia, "Aa, tupa hiyo takataka!" Huenda mifupa, makombe na mawe yaliyoletwa na wenzetu kutoka kwao. Mengi hayana hata karatasi ya kusema yalitoka wapi. Eti hakuna nafasi! Mimi nakataa. Twajuaje kuwa kijifuvu kile ni cha Texas, cha 1984? Ni kwa sababu kuna mtu aliandika. Kisingeandikiwa, leo kingekuwa mfupa tu.

Najua pesa za shule ni chache, na madawati yatangulie. Lakini kijikaratasi chenye mahali, tarehe na jina la aliyeokota chagharimu nini? Walimu wetu wapenzi, twawaomba kabati moja tu, hata kuukuu. Nanyi wenzangu, kabla ya kutupa, andikeni. Jibu ambalo sisi hatulioni leo, huenda likaonwa na mwanafunzi ambaye hata hajazaliwa.

Mwenye kupinga na aje, kalamu ninayo!