Baka la Usoni Si Kosa la Mama

Mtoto akizaliwa na baka jekundu usoni, iwe Sumbawanga mjini au vijijini Nkasi, mkoani Rukwa, maswali humwangukia mama: alikula nini, alimuudhi nani, nani kamroga? Huo ni uonevu, na sayansi imeshayajibu maswali hayo.

Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba baka la aina hii, lile lisilofutika kadiri mtoto anavyokua, mara nyingi hutokana na badiliko dogo katika jeni iitwayo GNAQ. Herufi moja tu hubadilika, ndani ya seli moja ya mtoto aliye tumboni, baada ya mimba kutungwa. Seli hiyo hugawanyika, na zile zinazotokana nayo hujenga mishipa midogo ya damu iliyotanuka. Mama hakumrithisha mtoto, wala baba. Zipo aina chache zinazofuata ukoo, kama ile ya jeni RASA1 iliyotambuliwa mwaka 2003, lakini hizo kwa kawaida huja na mabaka madogo mengi.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Baka huonekana la zambarau au jeusi zaidi, na ni rahisi kulipita.

Kulipita ni hatari. Likifunika paji la uso na kope, shinikizo ndani ya jicho linaweza kupanda na kumpofusha mtoto, na kifafa kinaweza kufuata. Wakunga wa Rukwa wafundishwe kulitambua, na mtoto apewe rufaa ya kupimwa macho kabla mama hajaruhusiwa kurudi nyumbani.