Watoto wasisagishwe betri



Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nitoe maoni yangu kuhusu rangi tunazowapa watoto shuleni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, mpakani mwa Wilaya za Karagwe na Kyerwa. Ubao ukififia, walimu wengi huwaagiza wanafunzi walete betri zilizokwisha za redio na tochi. Watoto huzipasua kwa mawe, husaga ule unga mweusi, huuchanganya na maji na majani, kisha hupaka ubao kwa mikono mitupu. Nami nimeagiza hivyo mara nyingi. Siku moja nilimkuta mtoto wa darasa la tatu akimenya ndizi kwa vidole vyeusi vya betri. Niliona aibu.

Unga ule si masizi. Una madini ya manganizi, na vumbi lake likivutwa kwa muda mrefu hudhuru ubongo. Majimaji yake huchubua ngozi.

Vivyo hivyo mabaki ya rangi ya mafuta ya nyumba tunayowapa watoto wachoree. Baadhi ya rangi hizo huwa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na mtoto akiimeza, mwili wake hufyonza mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima.

Najua wengine watasema shule hazina fedha. Lakini rangi za kuchorea tunazikanyaga kila siku: udongo mwekundu, udongo mweupe, mkaa, na manjano ya jikoni. Gundi yake ni uji wa unga wa muhogo. Ng'ambo ya Mto Kagera, nchini Rwanda, michoro mashuhuri ya imigongo kwa jadi hupakwa rangi za udongo na za mimea. Tahadhari ni kulowanisha mkaa kabla ya kuusaga ili vumbi lisitimke, na kutowapa watoto chokaa ya kujengea, maana huunguza macho.

Kuhusu ubao, kamati ya shule inunue kopo la rangi ya ubao, na mtu mzima aupake wakati wa likizo.

Nawaomba walimu wenzangu na maofisa elimu wa kata tuikomeshe desturi hii. Mzazi humleta mtoto shuleni apate elimu, hamleti apate sumu.

Mwalimu wa Kijijini,
Karagwe, Kagera.